Nani hulipa kampuni za ndege zinapoungana? Hesabu ya tikiti kutoka Luano

DadaTikiti (mwenye uzi)

Wapendwa, nauza tikiti za ndege hapa Lubumbashi, huu ni mwaka wa kumi na nne. Kila wiki kuna mtu anayekuja kukaa mbele ya meza yangu akiwa ameshahesabu pesa zake nyumbani mara tatu, na nikimtajia jumla anainamisha kichwa. Sina muda wa kumweleza kila mmoja kwa kirefu maana nyuma yake kuna foleni. Leo Jumapili nimepata nafasi, naandika yote.

Nianze na mama yangu mdogo. Januari iliyopita alikuwa anakwenda Kinshasa kwenye harusi ya mjukuu wake. Bei aliyoisikia kwa simu ilikuwa dola 190. Zamu yake ya likelemba (mchango wa kupokezana) ikafika, akapata dola 200, akaona Mungu amemfungulia njia. Sikuwepo ofisini wiki hiyo, akanunua kwingine. Tulipofika Luano, uwanja wetu wa ndege, alikuwa na valizi moja: unga wa mahindi, uyoga mkavu, na kikanda, mkate wa mizizi ya porini, alichokipika usiku kucha na kukifunga vizuri kwenye majani. Mizani ikasoma 27. Tikiti ilimruhusu kilo 20. Kijana wa mizani hakusema neno, aligeuza tu kile kioo kidogo ili mama asome mwenyewe.

Kilo saba za ziada, kila moja na bei yake. Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa noti ya dola 20. Kijana akaiinua kwenye mwanga, akaona imechanika pembeni, mpasuko mdogo kama ukucha, akairudisha. Basi mama akapiga magoti pale sakafuni mbele ya watu, akafungua valizi, akaanza kuchagua. Unga ukatoka. Uyoga ukatoka. Kikanda alikataa kukiacha, akakibeba mkononi kama mtoto. Mimi nilirudi mjini na kilo saba za zawadi ambazo bibi wa bwana harusi alizikusanya tangu mvua za kwanza.

Kampuni siitaji. Kijana yule alifanya kazi yake. Ninachotaka ni mjue ile bei ya kwanza inatoka wapi, na kwa nini inapanda ikifika kwenye mizani.

Tikiti ina vipande vitatu. Kuna nauli yenyewe. Kuna kodi na ada za serikali na za viwanja vya ndege, ambazo kampuni inakusanya tu na kupeleka. Halafu kuna kipande cha tatu ambacho watu wengi hudhani ni kodi kwa sababu kimeandikwa kwa herufi mbili tu, mara nyingi YQ au YR. Hicho ni cha kampuni. Ilizoeleka kukiita ada ya mafuta, lakini mafuta yakishuka hakuna anayewajibika kukishusha. Mteja akiniuliza "hii serikali inachukua ngapi?" huwa namwekea kidole pale kwenye YQ na kumwambia: hii serikali haijui hata kama ipo.

Juu ya hayo sisi tuna Go Pass, ada ya viwanja vya ndege. Iliwekwa mwaka 2009 ili kujenga na kukarabati viwanja, ilianza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, na inakwenda kwa RVA, shirika la serikali linalosimamia viwanja. Kwa familia ya watu watano wanaotoka nje ya nchi, hata kwa bei ile ya mwanzo tu, hiyo ilikuwa dola 250 kabla ndege haijawasha injini. Sipingi kulipia uwanja. Ninachodai ni kwamba mtu atajiwe jumla yote siku ya kwanza, kwa simu ileile aliyotajiwa nauli.

Sasa swali la msingi: kwa nini kampuni inathubutu kuongeza ada baada ya ada? Tazameni njia zetu mbili. Lubumbashi–Kolwezi kuna barabara nzuri ya kilomita kama 300 na mabasi kila siku. Ndege ikipandisha bei kupita kiasi, watu wanapanda basi. Lubumbashi–Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na kwa ardhi ni wiki za matope, treni hadi Ilebo na kusubiri boti. Kwa mfanyabiashara mwenye haraka au mgonjwa anayepelekwa hospitali, ndege ndiyo barabara. Kwenye njia kama hiyo kitu kimoja tu humlinda abiria: idadi ya kampuni zinazoruka. Zikiwa nne, mizani ina huruma. Zikiwa mbili, huruma inapungua. Ndiyo maana habari za kampuni kuungana au kufa nazifuatilia kama mkulima anavyofuatilia mawingu.

Karibuni. Semeni na ninyi mnayoyaona.

---

Papa_Kamalondo

Mwanangu, umesema kweli, na mimi niongeze historia maana vijana wanadhani hali ilikuwa hivi tangu zamani.

Air Congo ilianza 1961, ikawa Air Zaïre mwaka 1971. Ilikuwa moja, ya serikali, na bei ilipangwa juu. Ilikufa 1995. Baada yake zikaja za watu binafsi nyingi, ndogo, na ndege zilizokwisha kuzeeka kwa wengine. Hewa Bora ilizaliwa kwa kuunganisha kampuni zilizokuwapo enzi za Zaire. Jina zuri la Kiswahili kabisa. Baada ya ajali ya Kisangani ya Julai 2011 ikasimamishwa. Waliorithi kazi yake wakaitwa FlyCongo, na mwaka 2012 hao nao wakaingia ndani ya CAA, kampuni nyingine ya hapa nchini. Hesabu mwenyewe: kila jina lililomezwa lilikuwa dirisha moja la kuuliza bei, na dirisha likafungwa.

Nami niliipenda Korongo. Ilikuwa ya hapa hapa kwetu, makao yake Lubumbashi, ubia wa Brussels Airlines na kundi la Forrest. Ilianza Aprili 2012, ikafunga Septemba 2015. Miaka mitatu na nusu tu. Nilipanda nayo kwenda Johannesburg kutibiwa macho. Ilipofunga, mwaka uliofuata nilirudi kwa daktari yuleyule kwa ndege nyingine, na tofauti ya bei niliisikia mfukoni.

---

MhandisiKipushi

Nakubaliana na mengi, ila kwa heshima naomba kupinga moja. Mnaongea kama kwamba kampuni nyingi ndogo ni baraka. Mimi nilikuwa Goma tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora iliposhindwa kuruka ikaingia kwenye nyumba za Birere. Sitasahau moshi ule. Karibu kampuni zote za Kongo ziliwekwa kwenye orodha ya Ulaya ya zisizoruhusiwa anga lao mwaka 2006, na sababu ni usimamizi wa usalama. Kampuni ndogo yenye ndege mbili, moja ikiharibika, ratiba yote inalala. Kampuni kubwa ina vipuri, mafundi, ndege ya akiba.

Tazameni Air Congo mpya iliyoanza Desemba 2024: serikali yetu asilimia 51, Ethiopian Airlines asilimia 49. Huo ni muungano wa aina yake, na umetuletea Boeing 737 na watu wanaojua kazi. Ethiopian wamefanya hivyo hivyo Malawi, Zambia, na Lomé kule Togo kwa kampuni ya ASKY. Mimi niko tayari kulipa dola 30 zaidi nikijua nitatua.

---

DadaTikiti

Kaka Mhandisi, pole kwa ulichokiona Birere. Sitabishana na mtu aliyeuona moto ule, na hakuna tikiti ya bei nafuu inayolingana na roho ya mtu. Nakubali pia kwamba mwenye ndege mbili ni hatari kwa ratiba. Mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku ndege isipokuja.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Usalama unaletwa na ukaguzi, mafundi na mamlaka inayothubutu kuzuia ndege mbovu isiruke. Kampuni inaweza kuwa kubwa na bado ikakwepa hayo yote kama hakuna anayekagua. Hewa Bora yenyewe ilikuwa zao la muungano, na ilikuwa kubwa kwa kipimo chetu. Kwa hiyo tudai ukaguzi kwa nguvu zote, na tudai ushindani pia.

Kuhusu Ethiopian: nawauzia watu tikiti zao kila siku, na ni kampuni imara. Fikiria tu mahali walipo. Anayetoka Luano kwenda Ulaya, Dubai au Guangzhou mara nyingi anapita Addis. Sasa yuleyule ana asilimia 49 ya kampuni inayokuleta kutoka Mbuji-Mayi au Kisangani. Ikiwa nzuri, utapata tikiti moja, mzigo unapita moja kwa moja, hulipii kilo mara mbili. Hilo ni faida ya kweli na nimewaona wateja wakifurahi. Ikiwa mbaya, kampuni nyingine zitakosa abiria wa kuunganisha, zitaondoka, na siku hiyo hakuna wa kumlinganisha naye. Ndoa ni ileile. Matokeo yanategemea nani mwingine amebaki sokoni.

---

MkongoOhio

Nawasalimu kutoka Dayton. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, niko Marekani tangu 2014, na nafanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani, kwa hiyo nazungumzia kitu ninachokibeba mgongoni.

Hapa ada ya begi ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2008 mafuta yalipanda hadi pipa likapita dola 140. American Airlines wakatangaza dola 15 kwa begi la kwanza, na wenzao wengi wakafuata. Mwisho wa mwaka uleule mafuta yakaanguka vibaya sana. Ada ikabaki. Leo kwa kampuni nyingi begi la kwanza ni dola 35 au zaidi. Wa mwisho kushikilia mabegi ya bure alikuwa Southwest, naye kuanzia tarehe 28 Mei 2025 anatoza wateja wengi.

Kuna siri moja ambayo wazee wa kazi walinieleza. Nauli ya ndani ya nchi hapa inatozwa kodi ya asilimia 7.5. Ada ya begi haitozwi kodi hiyo. Kwa hiyo dola moja ikihamishwa kutoka kwenye nauli kwenda kwenye begi, kampuni inabaki nayo nzima. Halafu abiria anayetafuta bei kwenye simu anaona nauli ndogo na kufurahi. Mnaona jinsi mzigo ulivyogeuka kuwa biashara?

Na wakati huohuo zilikuwa zinaungana. Delta na Northwest 2008. United na Continental 2010. Southwest na AirTran 2011. American na US Airways 2013. Leo kampuni nne zina karibu asilimia 80 ya safari za ndani. Muungano wa 2013 serikali iliupeleka kwanza mahakamani, wakamalizana kwa sharti kwamba waachie nafasi za kuruka na kutua katika viwanja vilivyojaa, kama kile cha Reagan pale Washington, ili kampuni ndogo ziingie. Nawatajia hilo kwa sababu linaonyesha kwamba hata serikali ikikubali ndoa inaweza kudai mahari.

---

MhandisiKipushi

Ndugu wa Ohio, asante kwa hesabu hizo. Ila mwambie mwenye uzi pia habari ya Spirit, kampuni ya huko ya nauli nafuu. Wenzao JetBlue walitaka kuinunua kwa dola bilioni 3.8, hakimu akazuia Januari 2024 akisema abiria wa kipato kidogo wataumia. Novemba mwaka huohuo Spirit ikafilisika, na Agosti 2025 ikarudi tena mahakamani kuomba kinga. Je, yule abiria maskini alisaidiwa nini? Kampuni haikuungana, na haikupona.

---

MkongoOhio

Ni swali zito, na nimeliwaza sana. Spirit ilikuwa na madeni tangu kabla, na ndege zake kadhaa zilikaa chini kwa sababu ya kasoro za injini za Pratt & Whitney. Hakimu hakuyaleta hayo. Ila kweli, kuzuia muungano peke yake hakuponyi kampuni mgonjwa.

Mimi naliangalia hivi. JetBlue walikuwa wamesema wazi kwamba wangeng'oa viti katika ndege za Spirit ili zifanane na zao. Viti vikipungua, bei hupanda siku ileile. Bila muungano, viti vilibaki kwa muda, na watu kama mimi tulisafiri kwenda mazishi Florida kwa pesa tulizokuwa nazo. Miezi ile ilikuwa na maana kwetu.

---

DerevaWaKasumbalesa

Mimi si mtu wa vitabu lakini najua barabara. Kila wiki napeleka watu Ndola kupanda ndege. Kasumbalesa ni kama kilomita 90 kutoka hapa, halafu Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola. Wanaondoka alfajiri na giza.

Wateja wangu wananiambia wameona tikiti ya kutoka Ndola ni nafuu kuliko ya Luano, hata safari ikiwa ya mbali ileile. Nawaambia hesabu yote: nauli yangu, karatasi za mpaka, kadi ya homa ya manjano, chakula, na kama malori yamejaa mpakani unaweza kulala huko ukaikosa ndege. Kwa mtu mmoja mara nyingi faida inaliwa yote njiani. Kwa familia ya wanne au watano gari ni lile lile moja, hapo wanaokoa kweli. Nimeshasafirisha baba mmoja na watoto watano, alishuka Ndola akanishika mkono kwa muda mrefu.

---

Sokoni_Virunga

Ninyi wa Lushi (Lubumbashi) mna bahati ya kubishania bei. Sisi wa Goma uwanja wetu ulifungwa vita vilipoingia Januari 2025, Kavumu ya Bukavu ikafuata mwezi uliofuata. Aliyetaka kwenda Kinshasa ikabidi avuke mpaka, apande ndege Kigali, azunguke nchi za watu ili afike mji mkuu wa nchi yake, na alipe ada za kimataifa kwa safari ya ndani. Dada yangu alizunguka hivyo kumzika mumewe. Naandika ili msitusahau kwenye hesabu zenu.

---

DadaTikiti

Ndugu wa Goma, hatuwasahau. Mpe dada pole zetu sote. Mwaka huo niliwakatia tikiti watu wa kwenu wengi, na kila nilipoandika Kigali kwenye safari ya Mkongo kwenda Kinshasa mkono ulikuwa mzito.

Nirudi kwa maneno ya Ohio kuhusu mahari, maana hapo ndipo ninapotaka tusimame. Ulaya pia ndoa hizi zimejaa: Air France na KLM tangu 2004, British Airways na Iberia chini ya paa moja tangu 2011. Lufthansa ilichukua Swiss, ikachukua Austrian, ikanunua asilimia 45 ya Brussels Airlines mwaka 2009 na kumalizia zilizobaki mwanzoni mwa 2017. Mteja wangu akiniomba nimlinganishie bei ya Brussels Airlines na ya Swiss, namwambia baba, unalinganisha mifuko miwili ya suruali moja. Rangi za ndege zimebaki nne, anayepanga ni mmoja.

Wazee wetu waliofanya kazi na Sabena, kampuni ya ndege ya Ubelgiji, hadi ilipofilisika Novemba 2001 wanalielewa hili kuliko mimi.

Kwetu, ndoa inayovuka mipaka ya nchi za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, inaweza kukaguliwa na tume ya ushindani iliyopo Lilongwe, na Kongo ni mwanachama. Lazima viongozi wetu na vyama vya watumiaji waende pale na hoja: njia ipi itabaki na kampuni moja tu? Nani atabanwa asipandishe? Muda upi wa kuruka wa asubuhi utaachiwa mwingine? Wakiungana kimya kimya tutayajua majibu kwenye mizani ya Luano, tukiwa tumepiga magoti.

Na ninyi abiria, mkinunua, popote mtakaponunua, muulize maneno haya kabla ya kutoa dola: "Jumla yote ni ngapi, na Go Pass imo? Kilo ngapi, na ya ziada ni bei gani nikilipia leo badala ya uwanjani?" Kampuni nyingi huuza kilo za ziada kwa nafuu kabla ya siku ya safari. Mama yangu mdogo hakuambiwa hilo. Na noti zenu zikagueni nyumbani.

---

Katuba_Moya

Yaya, aksanti mingi. Miye niko na swali moja tu. Mwezi wa tatu nililipa biye (tikiti) ya kwenda Johannesburg, nikagonjwa, sikuenda. Banasema biye ya bei ya chini hairudishwi, makuta yote imepotea. Sasa na zile kodi za aeropo? Miye sikupanda ndege, sikupita hata mu mlango wa aeropo. Nazo zinapotea?

---

DadaTikiti

Mdogo wangu, pole na ugonjwa, na swali lako ni la maana kuliko maelezo yangu yote ya juu.

Nauli imekwenda, na YQ kwa kawaida inaifuata nauli. Lakini kodi na ada za uwanja zilikusanywa kwa ajili ya abiria anayepita pale, na wewe hukupita. Kampuni nyingi huzirudisha mtu akiomba. Tatizo ni hilo neno: akiomba. Asipoomba, zinakaa kwao. Wengine hukata ada ya kushughulikia, kwa hiyo kwanza tutazame kama kinachobaki kinastahili nauli yako ya basi ya kuja mjini. Kwa safari ya nje mara nyingi kinastahili.

Usikawie, maana tikiti nyingi zina uhai wa mwaka mmoja. Njoo Jumatatu asubuhi na karatasi yako, hata kama imekunjwa au imelowa. Ninachohitaji ni namba ya tikiti tu, tarakimu 13, ziko juu upande wa jina lako. Kama umeipoteza karatasi, tafuta ujumbe kwenye simu. Sitakutoza kitu.